Kikao Ulichokiacha Wazi

Baba mpendwa, prezida wa meza yetu,

Nimekuja kukutolea ripoti, maana hukupenda mtu atoke kikaoni bila kusema, ingawa wewe mwenyewe ndivyo ulivyotoka.

Kila Jumapili baada ya kula bukari na sombe uliigonga meza mara tatu, nasi tukaitika, "Tuko!" Kikao kimefunguliwa. Tulijadili nani aoshe vyombo na nani amemchokoza nani, utadhani bunge kweli. Hata kura tulipiga kwa kugonga: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Ulifundisha watoto wa watu haki zao katika somo la uraia huku mshahara wako ukipotelea njiani, lakini nyumbani ulitupa katiba nzima. Kaka yangu Pascal alikucheka siku moja: "Papa, hata kuku iko na article yake?"

"Iko," ukamjibu. "Kuku iko na haki ya kujua Noeli ni lini."

Kipengele kimoja tu ulikitia kufuli: kikao hufungwa na aliyekifungua, na hilo halibadilishwi mpaka wote wa nyumba wakubali. Asubuhi ile, kabla ya kupanda gari la Kambove kwenda kuchimba madini badala ya mshahara, uligonga mara tatu, tukaitika na usingizi machoni. "Tunasimamisha kidogo," ukasema. "Nikirudi nitafunga."

Shimo likabomoka. Pascal alikwenda kukutafuta, akarudi na sauti ya mtu mzee. "Balisikia muntu anapiga kule chini," akaniambia. "Mara tatu, ananyamaza. Tena mara tatu. Kisha basi." Hakuna mchimbaji aliyejua kwamba ulikuwa unangoja kuitikiwa. Hilo linaniuma kuliko yote, baba. Hawajakutoa hata leo.

Kwa kuwa mwili haupo, kilio hakikufanywa. Mama hukaa akitazama mlango, sahani yako imefunikwa mbele yake. Mimi niko chuo kikuu, nasomea shahada ya pili ya sheria ya katiba, na tasnifu yangu, usicheke, ni juu ya vipengele visivyoguswa. Asubuhi nafundisha uraia katika shule ya mtaani, kwa mtindo wako ule ule: nagonga mara tatu, wanaitika.

Juzi nilikuwa nimegeukia ubao, meza ikagongwa mara tatu. Darasa zima likaitika, "Tuko!"

Nikauliza nani amegonga. Watoto wakatazamana. "Si ni weye, madame?"

Nilikuwa na chaki mkononi, na meza ilikuwa mbali nyuma yangu. Madirisha tulikuwa tumeyafunga kwa ajili ya baridi ya Juni. Nikaendelea na somo, nikasahau hata nilikuwa nafundisha nini.

Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Tukila, kitu kinagusagusa chini ya ubao wa meza. Mama alisema ni mchwa. Pascal akaipindua meza, akaikagua mguu kwa mguu, hakuona mdudu. Siku hizi hatukagui tena.

Jumapili iliyopita mama aliweka kijiko chini. "Mi nimechoka kungojea, mwana. Tubadilishe ile katiba ya baba yako. Nifunge mi, tufanye kilio."

Nilikasirika. Nikamwambia katiba haibadilishwi kwa sababu mtu amechoka, nikammwagia maneno yote ya profesa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Weye unachunga karatasi," akasema. "Mi niko nalala peke yangu."

Lakini kipengele kinasema wote wa nyumba, na wewe ni wa nyumba. Nilijua kura yako haiwezi kupatikana, na kusema kweli nilifurahi, maana kikao kikibaki wazi na wewe unabaki njiani tu, unarudi.

Tukapiga kura mchana ule ule, jua likiwa limejaa sebuleni. Mama akagonga mara moja. Pascal akagonga mara moja, ameinamisha kichwa. Mikono yangu ilikuwa mapajani, imeshikana, imekataa kuinuka. Ndipo meza ikagongwa, mara moja, taratibu, kwa kifundo cha kidole.

Pascal akashusha pumzi. "Aksanti, mwana," mama akaniambia, amefumba macho.

Nikangoja pigo la pili, lile la kufanya hapana. Halikuja. Basi nikainua mkono, nikagonga la kwangu.

"Juu ya nini unapiga tena?" mama akauliza. "Tulishakusikia."

Sikuwaambia. Mama akagonga mara tatu akafunga kikao, kisha akalia kilio kilichokuwa kimemkaa kifuani muda wote huu. Kesho majirani wanaleta viti. Sahani yako nimeiosha mwenyewe, nikairudisha kabatini pamoja na nyingine. Nakuogopa kidogo, baba, na nakupenda sana. Tangu siku ile meza imenyamaza.

Tuko, baba. Sasa lala.

Ni mimi binti yako, niliyegonga wa nne.