Ubongo wa Usiniulize

Baba Flora,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mdomo wangu umezoea, na mkono nao umefuata mdomo. Ni mimi Odilia, Odi wako wa maabara. Nimekaa kwenye stuli yako karibu na dirisha, upepo unapiga bati kama umetumwa, na ninaogopa. Nimeona nikuambie wewe, maana hapa nikisema naogopa watu watauliza mtaalamu gani huyu.

Mkeo ameng'atwa na mbwa. Na mbwa mwenyewe ni Usiniulize.

Ndiyo, huyo huyo wako, aliyekuwa akilala kwenye kizingiti cha maabara na kutulazimisha sote tumruke. Baada ya kukuzika alikuwa haondoki pale nyumbani Izia. Kisha akapotea, akarudi sauti imemkauka, mate yanamtoka, anatembea kama mgeni. Mama Flora akamhurumia, akasema mbwa naye ana msiba kama sisi. Akamwekea ugali wa ulezi, akanyoosha mkono amshike kichwa, akang'atwa kiganja. Majirani walimpiga mpaka akafa. Kaka yake Mama Flora akaniletea kichwa ndani ya mfuko wa salfeti.

Nilifungua fuvu la mbwa niliyekuwa nikimwekea mifupa yangu ya mchana. Sitaki kusema zaidi juu ya hilo.

Mama Flora aliosha jeraha kwa sabuni ya mche, muda mrefu, kama ulivyowafundisha watu wa nyumbani kwako. Halafu akagoma. Chanjo ya mtu hapa mjini imekwisha, ni mpaka Mbeya, na barabara ya mvua hizi unaijua. Tulimsihi wote, Flora akalia. Akasema, "Maabara ya mume wangu ikisema mbwa alikuwa mgonjwa, nitakwenda. Ikisema alikuwa mzima, niacheni nivune maharage yangu." Kisha akanigeukia. "Odi, wewe niambie tu, nitakuamini."

Maana hujui hali tuliyonayo, Baba Flora. Wakati wako ile kingamwili ya kupimia kichaa cha mbwa ilikuwa inaletwa na wizara, kwa kuchelewa na kwa barua tele, lakini inakuja. Sasa ni soko huria, kila mwenye mkoba ni mwagizaji. Alitujia bwana mmoja wa suti, kapitia mpakani Kasesya, ana kichupa chenye lebo inayong'aa ndani ya kasha la barafu. Barafu yenyewe ilikuwa imeshakuwa maji ya kuogea mtoto. "Dada, hii ni orijino, usiwe na wasi," akaniambia. Nilikuwa na wasi. Lakini kile kichupa cha unga cha wizara, cha mwisho, tarehe yake ilikuwa imepita na tulikwisha kukitenga kikatupwe. Tukachukua cha suti.

Basi nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikapaka ubongo wa Usiniulize kwenye kioo, nikaulowesha kwa asetoni, nikaweka kingamwili imtafute adui yake. Kirusi kikiwemo, kingamwili inakishika na rangi yake inawaka kijani kwenye ile darubini yetu ya taa. Kisipokuwemo, panabaki giza. Nikaosha, nikaweka jicho.

Giza. Kila nilipogusa, giza.

Sitakudanganya, nilitaka kuimba. Nilikwisha vua koti, nimejifunga khanga, nakwenda Izia kumwambia Mama Flora avune maharage yake kwa amani. Nikafika kizingitini nikainua mguu kumruka mbwa ambaye hayupo. Hapo nikakusikia kabisa, kwa ile sauti yako ya mafua yasiyopona: "Giza si jibu, Odi. Giza ni kimya. Muulize kwanza unayemjua."

Nilirudi nikakaa.

Unakumbuka ulivyokuwa unanichosha na hilo neno? Kabla ya kupima usiyemjua, pima unayemjua. Ubongo wa mbwa tuliyemthibitisha kuwa alikuwa na kichaa lazima uwake, usipowaka basi kingamwili ndiyo mfu. Na ubongo wa mbuzi mzima lazima ukae giza. Kuna ile shehena iliyowasha hata kichwa cha mbuzi wa Krismasi tuliyemla wenyewe, ukacheka mpaka ukakohoa. "Hii inamkubalia kila mtu," ulisema, "kama mgombea kwenye kampeni." Ukaimwaga yote, na mimi nilinuna, niliona unaharibu mali.

Sasa wanaojulikana walikuwa wapi? Vipande vyetu vya friji viliharibika umeme ulipokatika ukagoma kurudi. Tulivitambua kwa harufu. Nilisimama kwenye sinki nanawa mikono ambayo ilikuwa safi, nawaza mkono wa Mama Flora, nawaza kile kitu kinavyopanda taratibu kwenye mishipa kuelekea kichwani wakati mimi nanawa. Na huku nanawa, kidole cha mguu kikagonga mtungi.

Mtungi wako wa mchanga mbichi wa kupozea vitu bila umeme, chini ya sinki. Niliwahi kukucheka, nikakuuliza unafuga mchwa. Ukanijibu, "Umeme ni wa serikali, gliserini ni yangu." Nikachimba kwa mikono miwili. Chupa ya dawa ya kikohozi, imefungwa gazeti, na ndani, kwenye gliserini ya kuzuia kuoza, kile kipande cha ubongo wa mbwa wa Laela, yule aliyewang'ata ng'ombe wa wale wafugaji Wasukuma, tuliyempima mimi na wewe.

Nilikiosha sana. Nikakimbilia buchani kutafuta kichwa cha mbuzi, muuza nyama akaniuliza kama nina wageni. Nikapaka vyote, nikaweka kingamwili ya suti. Mbwa wa Laela: giza. Yule yule aliyewahi kuwaka mbele ya macho yetu, kimya. Ile kingamwili ilikuwa maji tu. Na mimi nilikuwa nimejifunga khanga kwenda kumwambia mkeo kwamba amepona.

Nikakifungua kile kichupa cha wizara, cha tarehe iliyopita. Unga haukuwa umepata maji bado, labda joto halikuuweza. Nikaanza upya. Mbuzi akakaa giza. Mbwa wa Laela akawaka. Nilibaki na kioo cha tatu, cha Usiniulize, mkononi, na nakuambia ukweli, niliomba kiwe giza. Nilimwomba Mungu, nikakuomba na wewe.

Kijani, Baba Flora. Chembe chembe, kama ulezi uliomwagika.

Nilimkuta Mama Flora anapukuchua mahindi uani. Aliniangalia usoni akaacha. "Ndiyo?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Akasema kwa Kifipa kitu ambacho sikutaka kukisikia, akakirudia kwa Kiswahili labda akidhani sikuelewa: "Basi Baba Flora ananiita kwa mbwa wake."

Hiki ndicho kinachoniogopesha kuliko kioo. Mtu akishasema anaitwa, anaanza kufungasha.

Alipanda basi na Flora. Kondakta ameniletea salamu: walikwama kwenye tope Laela, wakalala stendi, Mbeya wakafika, amechomwa ya kwanza na anabaki kwa jamaa amalize nyingine. Nilimuuliza kondakta kama alimwona akinywa maji, maana mwenye kichaa hiki huyaogopa. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Akasema alikunywa chai, vikombe viwili, akalalamika haina tangawizi. Nimelishika hilo. Lakini bado kila basi la Mbeya likipiga honi stendi, mkono wangu unadondosha kitu. Tulichelewa kwa giza moja, na sijui kama giza hilo lilikuwa refu mno.

Nakuahidi hivi. Nimekata kipande cha ubongo wa Usiniulize nikakiweka kwenye gliserini, kando ya yule wa Laela, ndani ya mtungi wako, na mchanga nauloweka mwenyewe. Kichupa chochote kitakachoingia humu, cha wizara au cha wenye suti, lebo ing'ae ising'ae, kitapita kwake kwanza. Mbwa uliyempa jina la kukataa maswali, sasa ndiye tutakayemuuliza kila siku. Na sitamwambia mtu yeyote amepona kwa sababu nimeona giza.

Nawe niahidi kitu. Usimwite. Najua umemzoea, najua hakuna anayekupikia kama yeye. Jipikie, Baba Flora. Pumzika, umefanya kazi vya kutosha, na mwache mama avune maharage yake.

Wako, anayeruka kizingiti kitupu,
Odi