Siku Mkwe Wetu Alipovuka Lango

Bariadi, Jumapili alasiri.

Mvua ya jana imeacha matope mpaka kizingitini, na leo jua halijajitokeza hata mara moja. Mke wangu amelala chumba cha pili, namsikia akikoroma, na sijawahi kuisikia sauti hiyo kwa shukrani kama ya leo.

Nianze na asubuhi.

Mke wangu, Mama Zuhura, ana kisukari. Kila asubuhi humeza kidonge, kisha hunywa uji wa maziwa. Maziwa huletwa na mkwe wetu Masunga, mume wa Zuhura, anayefuga ng'ombe kule Ngulyati. Leo njia ilikuwa mbaya na maziwa yakachelewa. Mimi, mtu wa kufuata saa, nikamwambia mke wangu asipitilize muda wa dawa: ameze tu, uji utafuata. Akameza. Uji haukufuata. Akaenda kuoga.

Bafu letu liko uani. Nilisikia ndoo ikianguka, halafu kimya.

Nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, kanga moja mwilini, jasho linamtiririka. Macho yalinielekea lakini hayakuniona. Nikamwita, akajaribu kutaja jina langu, likamshinda. Nikajaribu kumnyanyua. Magoti yangu yamechoka na mgongo wangu ulishapasuliwa. Nilimwinua kidogo akarudi chini, nusura niende naye. Zuhura yuko Malampaka kwenye msiba. Majirani wako kanisani.

Ndipo niliposikia pikipiki, na kikohozi langoni.

Kikohozi hicho inabidi nikieleze kwa mnaosoma mkiwa mbali. Huku Usukumani mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Tangu amwoe binti yetu, Masunga huishia langoni. Anatua dumu la maziwa, anakohoa, anasubiri nitoke mimi. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, ambako nilizoea kuona mkwe akila sinia moja na mama mkwe wake na kumtania kwamba chumvi imezidi. Nilikuja Bariadi kijana, kwa msimu mmoja wa pamba, na msimu ule haujaisha mpaka leo. Mengi ya hapa nimeyafanya yangu. Hili sikuwahi. Niliheshimu kwa nje, moyoni nikiliita ubaridi.

"Masunga! Ingia, mama ameanguka!"

"Ameangukia wapi, baba?"

"Bafuni!"

"Ngoja nitafute mwanamke, baba."

"Wote wako kanisani! Ingia!"

Nikasikia miguu yake ikikimbia kwenda barabarani, ikisimama, ikirudi. Hakupata mtu.

Na mke wangu, aliyeshindwa kulitaja jina langu, maneno haya hayakumshinda: "Asiingie. Bora nife."

"Hutakufa kwa sababu ya kanga!" nikamfokea. Sikujua kama ni kweli. Nilifoka kwa sababu niliogopa.

Lango likalia, kisha shuka likapita kati ya ukuta na bati na kuniangukia begani. Lilikuwa la Masunga, lile analojifunga akiwa machungani.

"Mfunike, baba. Mfunike wote, na uso."

Nikamfunika. Masunga akaingia kinyumenyume, akageuka akiwa amekaza macho kwenye bati la paa, akapapasa kama anayetafuta kibiriti gizani, kisha akamnyanyua kwa mkupuo mmoja kama ndama. Akaanza kutoka vilevile, uso juu. Mguu wa mke wangu ukagonga mwimo wa mlango.

"We! Tazama unakokwenda, utanivunja!" Sauti ilitoka ndani ya shuka.

Masunga aliganda. Hayo ndiyo maneno ya kwanza kuambiwa na mama mkwe wake tangu aoe.

"Ndiyo, mayu," akasema. Mayu ni mama. Akatazama mbele.

Bajaji tuliipata mbele ya duka la kona. Masunga alimlaza nyuma, mimi nikakipakata kichwa, yeye akabanana na dereva, nusu ya mwili ikining'inia nje. Dereva alituangalia kwenye kioo mara mbili tatu.

"Mzee, pole sana. Amefariki saa ngapi?"

"Niko hai!" likajibu shuka.

Yule kijana aliendesha kama anayefukuzwa.

Hospitalini muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akaita mwenzake. Sukari ilikuwa imeshuka mno. "Mngechelewa kidogo," akasema, na hakumalizia. Akaandaa dripu. Mkono wa mke wangu ulikuwa unarukaruka, sindano haikai.

"Kaka, mshike mama mkono."

Masunga akanitazama. Nikautoa mkono wangu. Ukatetemeka kuliko wa mgonjwa.

"Babu, wewe kaa. Kaka!"

"Ni mkwe wangu," mke wangu akasema kwa sauti ndogo.

"Mayu, na mimi Msukuma, hayo nayajua," akajibu muuguzi. "Mkono huu kwa sasa ni wangu. Nimemwazima."

Masunga akaushika, uso wake dirishani. Sindano ikaingia. Sikuhesabu dakika, kwa mara ya kwanza nadhani katika maisha yangu. Najua tu kwamba jasho lilikauka, macho yakanipata, na mke wangu akaniuliza kama nimefunga nyumba.

Sikuwa nimefunga. Nilicheka mpaka watu wa kitanda cha pili wakageuka.

Nimekuwa nikiwaza tangu tulipomrudisha nyumbani. Nilikosea kuuita mwiko ule ubaridi. Mtu hatetemeki namna ile mbele ya mtu asiyemjali, na Masunga alitetemeka. Niliona shingo yake. Lakini pia sitausifu. Heshima hiyohiyo ilikuwa tayari kumwacha mke wangu sakafuni, na yeye mwenyewe ilimfanya aombe aachwe. Yote mawili ni kweli, na sijui pa kuyaweka.

Kabla hajalala, mke wangu aliniambia, "Mwambie asante."

"Mwambie mwenyewe." Nikampa simu yangu.

Nilidhani atanirudishia. Akaishika muda mrefu, akaigeuza, kisha akapiga. Nilimsikia Masunga akiitika, "Naam, baba."

"Siyo baba."

Niliogopa hata kusogeza kiti.

"Umekula?" mke wangu akauliza.

"Bado, mayu."

"Kula."

Akakata, akaniwekea simu mkononi, akageukia ukutani. Asante yenyewe hakuisema. Nadhani ilifika.

Kesho nitaamka kabla yake. Nitapika uji, wa maziwa yakiwepo, wa maji yasipokuwepo, na kidonge kitakaa mfukoni mwangu mpaka nilione bakuli likiwa tupu. Atalalamika kwamba namfanya mtoto.

Acha alalamike. Nataka kumsikia.