Gabrieli, Sitasafiri Kama Mpangaji Wako

Mchungaji wetu, Mwenyekiti wa Kamati ya Msiba, Baba Neema, wazee wetu, akina mama mliotupikia tangu msiba uanze, ndugu na marafiki mliotoka kazini mkaja moja kwa moja hapa Hounslow, London. Nimewataja kwa heshima zenu, na kila mmoja ameijua nafasi yake kabla sijamfikia. Mmeniomba nizungumze kama mtu aliyeishi na marehemu. Mniwie radhi, nitazungumza naye mwenyewe. Nimemwandikia barua. Ninyi sikilizeni, kwa maana mwishoni lipo jambo linalowahusu.

Gabrieli wangu,

Tangu moyo wako uliposimama kazini sijapata nafasi ya kukulilia. Nimekuwa nikipanga safari. Nimepanga namna ya kukufikisha Same, Tanzania, kwenye shamba la baba yako, pasipo mtu yeyote kule kutambua kwamba anayekuleta ni mumeo.

Ungecheka, maana safari hii tunaijua. Kila mwaka tuliipanga, na kila Desemba ukapanda ndege peke yako. Unamkumbuka yule binti wa tiketi pale Edgware Road, aliyetuuliza kwa wema kabisa wake zetu watatufuata lini? Ukamjibu, "Wangu anaogopa ndege," huku ukinikanyaga mguu chini ya meza. Tulipotoka nje ulicheka hadi ukashika ukuta. Mimi sikucheka sana. Tulikuwa tumetoka kuulizia vyumba viwili katika hoteli moja, kana kwamba ni watumishi wa ofisi waliotumwa semina.

"Tukifika kwetu," ulikuwa ukiniambia, "wewe ni mpangaji mwenzangu. Tena yule asiyeosha vyombo."

Nikajifunza kuwa mpangaji. Nisikuite Gabi. Nisichukue nyama kwenye sahani yako. Pete ibaki kwenye kikombe jikoni, picha zifutwe kwenye simu. Mwaka jana nilifaulu yote, tukafika hadi uwanja wa ndege wa Heathrow na mizigo yetu. Kwenye foleni nikakuomba uniwekee sawa kola ya shati, kama kila asubuhi. Mkono wako ukaja, ukasita, ukarudi.

Tulikuwa bado Heathrow, Gabi. Tulikuwa bado nyumbani.

Nikachukua begi langu, nikarudi kwa basi. Uliporejea mwezi Januari hukunilaumu. Uliketi kitandani na koti lako mwilini, ukasema: "Nikitangulia mimi, nizike mahali utakapoweza kuja bila kukariri uongo njiani."

Maneno hayo uliniachia mimi peke yangu, na ukoo mzima una maneno mengine. Dada yako Eliwaza, ambaye ulinizoeza kumwita shemeji mimi na wewe tukiwa wawili tu, alinipigia simu Jumapili. "Karibu sana, Sadoki," akasema. "Ila uje kama rafiki. Na ukilia, tafadhali, lia kama rafiki." Nimejaribu, Gabi. Nilisimama jikoni nikajaribu. Sijui mtu huliaje hivyo.

Kamati imefanya kazi kubwa, nami siidharau hata kidogo. Mchango umetimia, ratiba imetoka, wasifu wako umeandikwa. Nimeusoma. Umezaliwa, umebatizwa, umesoma, umefanya kazi kwa bidii, na "marehemu hakujaliwa kuoa." Sisi tuliofunga ndoa mbele ya mashahidi, ukaangusha pete ikaingia chini ya meza ya msajili, naye akapiga magoti kuitafuta.

Kisha likaja suala la mashada. Unajua yanavyowekwa kwetu. Mwongozaji anaita: mjane, watoto, wazazi, ndugu, wajomba na shangazi, wafanyakazi wenzake, majirani, marafiki. Baba Neema wa Kamati alinieleza kwa upole kwamba nitaitwa mwishoni, pamoja na marafiki kutoka Ulaya. "Ni kwa usalama wako, kijana wangu." Nikamuuliza, je, ataanza kuitwa nani? Akakuna kidevu. "Nafasi ya mjane tutairuka."

Tutairuka. Yaani nisimame pale juani, nimevaa suti, niitazame nafasi yangu ikirukwa.

Sisemi kwamba hatari ni ya kubuni. Ipo. Kila ushauri wa safari niliousoma umenionya: usionyeshe, usiseme, usiguse. Ninachokasirikia ni kwamba kila mtu, kwa nia njema, ameona njia rahisi ya kumaliza tatizo ni mimi kupungua. Nipungue kwenye wasifu, nipungue kwenye msafara, nipungue hata katika kulia. Nimechoka kupungua, Gabi.

Basi jana nilimpigia mama yako bila kupitia kwa shemeji. Unakumbuka alipokuja kukaa nasi wakati wa baridi: alichungulia chumba chetu mara moja, akafunga mlango, akaenda kupika makande. Hakuuliza kitu. Lakini aliporudi Same alitutumia mashati mawili ya kitenge kimoja, kama wanavyoshonewa mume na mke wanaokwenda harusini. Nikamwambia ulichoniambia Januari.

"Baridi bado ipo huko?" akauliza. "Mwambie huyo mwenyekiti wenu anitafutie koti zito. Lile la safari ile lilinibana."

Lala salama, mume wangu. Nakuahidi nitakuja kukuona kila Jumapili, kwa basi, nimevaa shati la Mama, na kola nitaiweka sawa mwenyewe.

Sasa nawarudia ninyi, wapendwa. Tiketi yangu nimeirudisha. Mwili wa Gabrieli hausafiri. Kisheria saini inayotakiwa ni yangu, na sitaitoa. Atazikwa hapa London. Naiomba Kamati ielekeze mchango katika kumleta mama yake, kwa kuwa viza yake bado ni hai. Baba Neema, wewe unafanya kazi uwanja wa ndege, utampokea. Mchungaji, sentensi ile moja ya wasifu itoke, na ya kweli iingie. Na siku ya mazishi mwongozaji ataanza na nafasi ya mjane, ataita jina langu, nami nitaweka shada la kwanza, Mama akiwa ubavuni kwangu. Asiyeweza kusimama nasi hapo aseme leo, nami sitamchukia.

Mama anasubiri jibu. Tuanze na koti. Nani analo?