Divai ya Ndoo ya Mfuniko Mwekundu

Nyumba ya Mzee Ambindwile,
Mtaa wa Bagamoyo,
Tukuyu.
Jumatano, 14 Desemba 1994

Mpendwa Mama mdogo Felista,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa salamu na kuulizana afya, lakini nikianza huko nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si dada Sekela. Siku ya kumuaga Sekela nilimnywesha Bibi Anyelwisye mvinyo, na nilifanya hivyo nikijua.

Sasa salamu. Hamjambo huko Dodoma? Baba mdogo Erasto mgongo umepoa? Sisi ni wazima. Mvua zimekolea, na asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne nashinda nyumbani, au napanda Lufingo kwa Babu Amoni kuchuma chai.

Asante kwa zile chupa mbili za mvinyo wa Dodoma na maelezo ya kutengeneza kinywaji cha panchi uliyoniandikia. Mama aliposikia nasema panchi aliuliza ni gari la nani limepata pancha. Baba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, alitaka chupa zimwagwe. Mama akamwambia zawadi ya ndugu haimwagwi, ndugu zake bwana harusi wanatoka Mbeya na wanakunywa, waandaliwe chao. Baba akanyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwake ni ruhusa.

Uliandika nitumie tufaha. Siku hizi tufaha za Afrika Kusini zinauzwa hata hapa sokoni, zimefungwa moja moja kwenye karatasi kama kwamba zinaumwa. Niliziacha. Nikachukua mafyulisi ya Lufingo, nanasi na machungwa ya Kyela, na pasheni za kwenye uzio wetu pamoja na mbegu zake. Nilichemsha tangawizi, karafuu na sukari, nikaacha ipoe kabisa, maana ikiwa ya moto inaua harufu ya matunda. Nikamimina mvinyo juu ya matunda asubuhi, nikafunika, nikasubiri hadi alasiri. Soda na barafu ni vya mwisho, wageni wakishakaa. Ukiharakisha barafu unawapa watu maji.

Nilitengeneza ndoo mbili. Yenye mfuniko wa bluu haikuwa na mvinyo, ilikuwa ya watoto na watu wa kanisani. Yenye mfuniko mwekundu ndiyo ya wageni wa Mbeya, na mimi ndiye niliyesimama hapo na upawa.

Mgeni wa kwanza alikuwa kijana mwenye suti. Alionja, akanitazama, akasema, "Dada, hii mmeitengeneza hapa au imeshuka na ndege?" Nikasema nimeitengeneza mimi. Akaita wenzake. Mama mdogo, mimi si mtu wa kuitiwa watu. Nikawagawia wote, na sikumwaga hata tone.

Ndipo akaja Bibi Anyelwisye, kiongozi wa akina mama kanisani. Unakumbuka jina analoniita tangu nikiwa mdogo. Alisimama mbele ya ndoo nyekundu, akatazama vipande vya mafyulisi vinavyoelea.

"Bubu wa Ambindwile, humu mna nini?"

"Divai, bibi."

"Ile ya meza ya Bwana?"

Nikainamisha kichwa.

Ningesema pombe, angetema mate. Ningesema mvinyo, angewaita wazee wa kanisa. Lakini divai ni neno lililovaa joho. Kwetu kanisani divai ya meza ya Bwana ni sharubati ya zabibu, hailevyi hata mtoto, na yeye ndivyo alivyoelewa. Watu wote wanajua kwamba mimi nikiulizwa huinamisha kichwa kwa aibu. Siku ile haikuwa aibu. Niliitikia. Nilitaka anywe, asifie, ajue kwamba bubu anaweza kitu.

Na alisifia. Alikunywa vikombe vitatu. "Bubu, mkono wako una baraka," akasema. "Ongeza, na hilo tunda usiliruke."

Ulipofika wakati wa nasaha akasimama kumfundisha Sekela kuheshimu wakwe. Alianza vizuri. Akasema, "Mwanangu, mimi miaka arobaini sijawahi kulitamka jina la baba mkwe wangu. Hata neno linalofanana nalo nilikuwa nalikwepa." Watu wakaitikia. Halafu, ili tuelewe ni jina gani ambalo hajawahi kulitamka, akalitamka. Lote, kwa sauti ya kuongozea wimbo, mbele ya wakwe.

Unajua kwetu hilo ni jambo gani. Jina la baba mkwe mwanamke huenda nalo kaburini. Nikasikia barafu inalia ndani ya ndoo. Mmoja wa wale vijana wa Mbeya akacheka, na Bibi akakaa, akakitazama kikombe chake kwa muda mrefu.

Kama yangeishia hapo ningemwendea, ningepiga magoti, yangekwisha. Lakini Jumatatu yake neno likawa limeshaenea kwamba Bibi alilewa kwa sababu juisi ilichachia kwenye friji la Bimdogo. Bimdogo ni yule jirani mwenye duka kule Msasani ya hapa hapa Tukuyu, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Alinitunzia matunda tangu Ijumaa na akanigandishia barafu bila kutaka chochote. Akina mama wakaamua kwamba shughuli za kanisa zisinunue tena kitu kwake. Wazazi wakawakataza watoto barafu zake. Na mimi nilikuwapo kwenye kikao hicho, nagawa chai, nimeinamisha kichwa.

Jana nilikwenda dukani. Friji limechomolewa, mlango wake umeshikizwa kwa kijiti usijifunge, friji lisije likaota ukungu ndani. Bimdogo alinikaribisha kama siku zote. Akasema, "Ikupa mwanangu, mimi pombe hata harufu yake inanikimbiza. Leo uzeeni nimekuwa mgema?" Akacheka. Hakuniuliza chochote. Angeniuliza ningemwambia, na nadhani ndiyo maana hakuuliza.

Kwa hiyo nimeamua. Jumapili hii baada ya ibada kuna kikao cha akina mama. Nitasimama. Nitasema matunda hayakuchacha, friji lile ni safi kuliko makabati yetu, mvinyo niliumimina mimi. Nitamwomba Bibi Anyelwisye msamaha kwa kile kichwa nilichokiinamisha, maana kilikuwa uongo. Nitamwomba Bimdogo msamaha kwa siku kumi na nane za kunyamaza, na huyo nitamwendea dukani kwake, mchana, mlango ukiwa wazi, watu wakinisikia.

Lakini panchi sitaiombea msamaha. Wakinitaka niseme mikono yangu ilifanya uchafu, sitasema. Ilikuwa nzuri. Ndoo nyekundu iliisha kabla ya wali. Wataniuliza nani alinifundisha kukipa kitu jina lisilo lake, nami nitawajibu. Babu Amoni, chungu cha kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, kikiwa katikati ya magoti yake na mchungaji akipita, hukiita togwa. Mchungaji hujibu, "Togwa njema, mzee," kisha hupita. Nimekulia humo. Tofauti ni kwamba mimi nakwenda kulirudisha jina.

Ninachoogopa ni baba. Wanaweza kumvua uzee wa kanisa kwa ajili yangu, na hiyo ndiyo heshima yake yote. Nimelipima hilo kila siku nikichuma chai. Lakini Bimdogo naye ana heshima yake, na sikuwa na haki ya kulipia kosa langu kwa heshima hiyo.

Shemeji zetu wa Mbeya wameniomba niwatengenezee nyingine mwaka mpya. Nitakwenda, baba akikubali na hata akinuna. Mfuniko utakuwa ule ule mwekundu, ila nimeshanunua rangi nyeupe, nitaandika juu yake kwa herufi kubwa: MVINYO. Atakayekunywa awe amesoma.

Nisalimie baba mdogo Erasto na watoto. Mama anakusalimu, na Sekela anasema kitenge ulichomtumia alikivaa siku ya pili ya harusi na wakwe wakakisifu. Mungu awafunike ninyi nyote huko, awape mwisho wa mwaka wenye shibe na usingizi mtamu.

Mwanao anayekupenda na kukukumbuka,
Ikupa

Neno la mwisho. Barua hii anakuletea Mwalimu Meshaki, anasafiri kesho. Jumamosi baba atakwenda posta kukupigia simu ya Krismasi. Akiuliza habari zangu mwambie tu Ikupa ameandika, hajambo. Nakuomba usimwambie yeye, wala mama, wala mtu yeyote. Si kwa sababu naona haya. Miaka yote watu wamenisemea, na hili nataka litoke kinywani mwangu. Nitunzie siri hii mpaka Jumapili saa sita mchana. Baada ya hapo haitakuwa siri tena.