Fungu la Maharagwe la Mwende

Jumamosi usiku, Kitengela. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwa sukari. Mimi moyo umetulia, ingawa asubuhi ungenipata nikigombana na sufuria.

Wacha nianze na mtoto. Mwende ni binti wa kaka yangu Mutua, amezaliwa Uingereza na kulelewa huko huko. Mutua na mamake Mwende waliachana, na Mutua anafanya kazi ya usiku huko, hana mtu wa kumwachia mtoto. Akaniletea mimi shangazi, tujaribu likizo hii. Mwende akizoea, anabaki kwangu na kuanza shule hapa Kitengela. Asipozoea, kuna shule ya bweni ambayo Mutua ameshaiulizia kule Kajiado. Kesho baada ya kanisa atapiga simu, na Mwende mwenyewe ndiye atamjibu.

Mimi sitaki bweni. Hapa ni kwangu, wacha niseme ukweli tu.

Namtaka huyu mtoto.

Shida ni kwamba tangu afike alikuwa hali chakula. Na si ati sikumpikia. Ngima, ndiyo ugali wetu, chapati, wali, hata viazi vya kukaanga vya dukani. Kila nikipakua, yeye husema kwa sauti ndogo, "Just a few, please," ama "a tiny bit," yaani kidogo tu. Hapo mimi hutabasamu na kujaza sahani. Kwetu Ukambani mgeni akisema inatosha, huyo anaonyesha adabu, na wewe unaonyesha yako kwa kuongeza mwiko. Akisema inatosha mara ya pili, unaongeza kidogo tu. Mama yangu hakuwahi kumwamini mtu aliyesema ameshiba, na hakuna mgeni aliyetoka kwake akilalamika.

Basi Mwende anaiangalia hiyo sahani kama mtoto aliyepewa hesabu ngumu ya kufanyia nyumbani. Anadonoa pembeni, anashukuru, anaenda kulala. Mimi nabaki jikoni nikijiuliza nimekosea wapi.

Kuna siku nilipika maharagwe, akauliza, "What kind of beans are these?" Haki nilichemka. Nikajua sasa anadharau chakula changu. Nikamjibu maharagwe ni maharagwe, kula. Akainama. Sikujua kule kwao hilo ni swali tu, anataka kujua ni aina gani. Nilisoma Kiingereza shule miaka yote na mtihani nikapita vizuri. Nilijaza mapengo ya "few" na "many" bila kukosa, lakini hakuna mwalimu aliyeniambia mtoto akisema "kind of hungry" ni njaa ya namna gani.

Juzi nikaenda naye sokoni kununua maharagwe ya rangi mchanganyiko yanayotoka Illasit. Mama anayetuuzia akajaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia, mpaka ikawa na kichuguu juu, akamimina kwa mfuko wetu, kisha akachota mengine kwa mkono na kuongeza. Mwende akanivuta nguo. Alidhani yule mama amekosea kupima. Nikamwambia hiyo ni nyongeza, anatupatia kwa sababu anataka turudi. Alilipenda hilo neno. Alikuja nalo njia nzima, nyongeza, nyongeza, kama mtu anayetafuna muwa.

Leo mchana nilikuwa nimepika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na maharagwe ndani. Kabla sijapakua, mteja akabisha mlangoni. Mimi ni fundi wa nguo, na huyu ni bibi harusi ambaye kila wiki anataka mkono wa gauni ubadilishwe. Tukasimama hapo nje tukibishana juu ya lesi. Nikamsahau mtoto kabisa.

Niliporudi, Mwende alikuwa amesimama kando ya sufuria na mwiko mkononi, mdomo umejaa. Akashtuka utafikiri nimemfumania akiiba. Akameza haraka, akasema, "I only had a few, Anti."

Nikachungulia sufuria. Wueh! Hiyo "a few" ilikuwa imechimba shimo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye, alipoona sijakasirika, akaanza kucheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza katika nyumba hii. Kumbe chakula changu anakipenda! Alichokuwa anakiogopa ni ule mlima niliokuwa nampandishia kwa sahani. Akisema kidogo, alimaanisha kidogo kwanza, kisha aongeze mwenyewe. Nami sikuwahi kumpa mwiko.

Nikachukua uteo wenye maharagwe mabichi, yale ya sokoni ambayo hatujachagua, nikauweka katikati yetu. Nikamwambia mwalimu ni wewe leo, nionyeshe. "A couple" ni ngapi? Akasukuma mawili. Akafikiri, akaongeza la tatu, akasema wakati mwingine. "A few" akatoa manne ama matano hivi. "Several" zaidi kidogo. "Loads" akakumbatia uteo kwa mikono yote miwili na mengine yakamwagika chini.

Nikabisha. Mbona ile "a few" ya sufuria haikuwa matano? Akainua mabega na kusema inategemea una njaa kiasi gani. Hata mimi nikitumwa fungu la nyanya siwezi kuapa ni nyanya ngapi. Inategemea ukubwa, msimu, na kama mwenye kibanda ameamka vizuri. Kiingereza nacho kina mafungu yake, na mimi nilikuwa nikikipimia kwa gorogoro.

Hapo ndipo nilipokumbuka neno lingine. Kila nikimuuliza kama anamkosa babake, hunijibu, "A bit." Na mimi huwa nashukuru Mungu kwamba ni kidogo tu.

Nikamuuliza, hiyo "a bit" ya Daddy, hebu nionyeshe.

Mwende akaweka viganja nyuma ya maharagwe na kuyasukuma yote upande wangu. Yote.

Nililia, sitaficha. Nikamvuta nikamkumbatia, nikamwambia pole mama, pole sana, kwa Kiswahili, maana Kiingereza kiliniishia. Alilia pia, na alilia kwa sauti, si kule kulia kwa kujificha bafuni ambako nilikuwa nakusikia nikijifanya sisikii. Tukakaa hapo mpaka sufuria ya muthokoi ikapoa.

Baadaye nikajipa moyo na kuuliza lile swali ambalo nimelikwepa tangu aje. Unataka kubaki hapa kwangu?

"Kind of," akasema.

Hilo neno ndilo linaloniumiza zaidi. Ukiambiwa hapana unajua, ukiambiwa ndiyo unajua. Nikamsogezea uteo, nikageuza uso ili asione nikimwombea jibu.

Akaanza kuchagua yale ya manjano peke yake, ambayo nimemwambia ndiyo matamu zaidi. Akayapanga mbele yangu, fungu dogo. Dogo kweli. Nikamwambia asante, nikanyoosha mkono niondoe uteo tukaoshe vyombo.

"Wait," akasema. Akatafuta moja zaidi la manjano, akaliweka juu ya yale mengine taratibu lisidondoke.

"Nyongeza."

Fungu hilo liko ndani ya kikombe juu ya kabati na ole wake atakayelipika. Mwende amelala. Usiku huu alijipakulia mwenyewe, akala, akarudi kwa sufuria, na mimi nikashika mikono yangu nyuma kwa nguvu.

Kesho simu ya Mutua ikiita, nimeamua nitatoka nje kuanua nguo. Sitasimama mlangoni kusikiliza, na sitamwongezea maneno. Mwende atamwambia babake kiasi chake mwenyewe.