Sauti ya Baba Katika Wimbo wa Tano

Imbaba, 3 Juni

Dada Nagla,

Huku tupo, na lifti bado mbovu. Albamu nimeimaliza. Ni zumari za harusi, ngoma za kupunga pepo na midundo ya kompyuta, vyote ndani ya sufuria moja. Jirani yetu mama Girgis anasema inalia kama mashine ya kufulia iliyomeza kijiko.

Wimbo wa tano una sauti ya baba. Nilimrekodi zamani akipita na mkokoteni wake wa punda, akinadi, "Vyuma chakavu, vitu vikuukuu."

Umeuliza mara tatu kwa nini haji kwenye simu. Februari alipasuliwa koo kwa saratani, na sauti ikaondoka. Alinikataza nisikuambie, hata hilo aliliandika.

Jana nilimpigia wimbo huo. Akasikiliza mpaka mwisho, akaandika: "Umeharakisha. Punda wangu hakuwa hivyo." Nikaupunguza mwendo, nikaupiga tena. Mama alikuwa jikoni. Aliposikia sauti ile akachungulia dirishani kama zamani, akaita chini, "Panda, baba Wagih, chai tayari."

Baba alikuwa amekaa kando yangu. Akanyanyuka, akaenda kunywa.

Nduguyo,
Wagih