Mikeke chini ya majani

Zuena mujukuu wangu, amahoro! Huku Rumonge tuko wazima, na bibi yako ananenepa kushinda mbuzi wetu.

Unasema umeficha picha zako zote za kuuza, unaogopa wezi wa internet, na sasa wanunuzi hawaji. Sikia mutaalamu! Ujana wangu nilivua mikeke, wale samaki wa ziwa letu, mizuri kushinda soko nzima. Nikaifunika yote na majani ya migomba, wezi wasiione. Musichana mumoja akapita, akacheka: "Wee kaka, unauza majani?"

Nikafunua mukeke mumoja, ule mukubwa. Watu wakajaa! Ingine ikabaki kwenye kitunga mupaka walipe.

Onyesha picha moja, andika jina lako juu yake. Zingine wapate wakishalipa.

Yule musichana hakununua samaki. Alichukua muvuvi, na mupaka leo hajanirudisha. Bibi yako anakusalimia.

Babu yako